Jina la Mchezaji wa Mashine 118

Wachezaji wetu hatuwaoni. Wao ndio wanaotuona, kuanzia kidevuni kushuka chini, kupitia kamera mbili: moja mbele ya mashine, nyingine ubavuni. Wako nyumbani kwao, au kwenye treni, au wamejificha chooni kazini, simu mkononi, wanauendesha mkono wa chuma ulio mbele yangu huku Yoshikawa kana kwamba wamesimama hapa. Mkono unashuka, unafumba, unamwinua mdoli, unamwangusha. Mdoli akiangukia shimoni ni wa mchezaji, tunampelekea kwa posta. Akilala vibaya asiweze kushikika, mchezaji anabonyeza kitufe cha kuita, kishikwambi changu kinatetemeka kiunoni, nami nakwenda. Naiinamia kamera, nafungua kioo, namrudisha mdoli mahali pa kuanzia, nafunga, nainama tena, naondoka.

Mashine ni mia tatu na arobaini. Ghala halina dirisha.

Mchezaji ana vitufe vitatu tu vya kusema nami: Rudisha, Nisaidie, Asante. Mimi sina hata kimoja, nina kuinama tu. Lakini juu ya kishikwambi huandikwa jina lake, lile alilojipa mwenyewe alipojiandikisha, na hilo anaweza kulibadilisha saa yoyote. Ndilo jambo pekee ninalolijua juu yake. Nilikuwa nikiyasoma majina yale kama wengine wanavyosoma barua. Tanuki Mlevi. Mke Amelala. Nimefukuzwa Kazi Leo. Bibi wa Aomori, Miaka 78.

Nilisomea ualimu wa chekechea, chuo cha miaka miwili. Nilifaulu kila kitu isipokuwa wiki nne za mazoezi, nilipotakiwa kuimba mbele ya watoto ishirini na sita na mama zao. Sauti haikutoka. Hata wiki ya nne haikutoka. Ghalani hakuna aliyewahi kuniomba sauti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nakwenda mahali kila siku bila tumbo kuniuma.

Jumatatu ya wiki ya pili ya mvua za Juni, saa nane na dakika chache mchana, kishikwambi kilitetemeka. Mashine 118. Jina: Nao, Upasuaji Ijumaa.

Nilisoma mara mbili. Halafu nikakimbia, jambo ambalo tumekatazwa.

Ndani ya 118 alikuwamo Chapon, fisi maji mnene wa kijivu aliyevaa koti la mvua la njano. Watu walimcheka alipotoka, fisi maji na koti la mvua wapi na wapi, lakini walimpenda. Alikuwa mdoli wa msimu mmoja tu, wa mvua hizo, na madukani hakuuzwa. Ukimtaka Chapon ni lazima umnyakue.

Nao, yeyote yule, hakujua kucheza. Wachezaji wazoefu hawamnyanyui mdoli. Wanamvuta kwa lebo, wanampindua, wanamsukuma kwa bega la mkono wa chuma, kidogo kidogo mpaka ukingoni. Nao alikuwa anamshukia Chapon kichwani moja kwa moja, kila mara, katikati kabisa, kama mtu anayeinama kumbeba mtoto. Vidole vya chuma vilimpapasa mashavu vikateleza. Nilimrudisha mahali pake. Nikamnyoosha kofia ya koti na masikio, maana ndivyo nilivyozoea kumfanyia kila mdoli, sikujua kumwacha masikio yamekunjika. Nikainama. Kitufe cha Asante kikawaka.

Alicheza mara saba, akaondoka.

Jioni nilipiga hesabu ya siku. Mdoli anayenyakuliwa Jumatano kabla ya saa kumi jioni huondoka na lori la siku hiyo, na popote kwenye kisiwa hiki kikubwa atafika Alhamisi. Anayenyakuliwa baada ya hapo hufika Ijumaa mchana au Jumamosi, wakati mtu amekwisha kuingizwa chumba cha upasuaji. Basi ilikuwa ni Jumatano saa kumi.

Jumanne alikuja tena saa ileile, akacheza kwa muda mrefu. Sheria inasema hivi: mchezaji akikosa mara ishirini anaweza kubonyeza Nisaidie, nasi tunamsogeza mdoli upana wa kidole kimoja kuelekea shimoni. Kidole hicho kimoja ni cha Bwana Kuramochi, mkuu wa zamu, ambaye hutembea na rula mfukoni. Vidole vyangu vilikuwa vitatu. Vilikuwa vitatu tangu Februari, kwa wale ambao majina yao yalinichoma, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Bibi wa Aomori alipompata paka wake wa manjano mwezi wa tatu, nilifika nyumbani nikamsimulia mama mpaka chakula kikapoa.

Kwa hiyo nilimsogeza Chapon vidole vitatu. Nao akakosa, akakosa, akaomba tena, nikasogeza vitatu vingine. Mwishowe nusu ya Chapon ilikuwa imening'inia juu ya shimo, miguu hewani. Hata upepo ungemwangusha. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikasubiri.

Mkono wa chuma haukusogea. Saa ya mashine ilihesabu sekunde sitini kurudi nyuma, ikafika sifuri. Jina likazimika. Mchezaji ameondoka.

Sasa mashine ilikuwa wazi kwa mtu yeyote, na mtu yeyote angempata Chapon kwa mguso mmoja. Nilitazama kushoto na kulia. Nikachukua kadi ya Matengenezo kutoka mashine ya jirani iliyoharibika taa, nikaitundika kwenye 118, na kwenye kishikwambi nikaifunga. Nilijiambia daktari amepita wodini. Au amelala. Dawa hulaza watu.

"Anaitwa Nao," nilimwambia mama usiku huo. Alikuwa anamenya figili.

"Wa kike au wa kiume?"

"Jina hilo ni la wote, mama."

"Ana miaka mingapi?"

"Sijui. Anacheza kama mtoto."

Mama alikata figili, akafikiri. "Basi usilale sana kesho. Uwahi."

* * *

Jumatano, saa saba, wakati wa chakula, Bi Nagumo aliweka chenza mbele ya bakuli langu la wali, akarudi nyuma hatua moja, akapiga makofi mawili na kuinamisha kichwa kama mtu aliyesimama mbele ya hekalu.

"Ewe mungu wa alasiri," alisema, "niondolee maumivu ya magoti."

Bi Nagumo Hisae ana miaka hamsini na tisa. Kabla ya kuja ghalani alikaa dirishani miaka ishirini na saba akiuza tiketi za kubashiri mbio za mashua. Anaamini kila binadamu ni mwongo na hamchukii mtu hata mmoja kwa ajili hiyo.

"Bi Nagumo, acha basi, watu wanatazama."

"Waache watazame. Kumbe nakula meza moja na mungu na sijui! Mpwa wangu ndiye kanionyesha jana. Soma. Lakini meza kwanza hiyo plamu ya chumvi iliyo mdomoni, isije ikakukaba."

Alinisukumia simu yake. Ulikuwa ukurasa wa wachezaji, mahali wanapopeana mbinu: mashine ipi ina mkono legevu, saa ipi hakuna foleni. Chini yake palikuwa na sehemu nzima juu yetu sisi. Hawajui majina yetu, kwa hiyo wametupa ya kwao. Bwana Kuramochi ni Babu Rula. Yule kijana wa zamu ya usiku ni Mzimu, kwa sababu haji hata ukiita.

"Na wewe?" niliuliza.

"Mimi ni Bibi Mlango. Eti nabamiza vioo. Hawajakosea. Shuka chini."

Nikashuka. *Mungu wa alasiri. Zamu ya mchana, Jumanne hadi Jumamosi, siku nyingine na Jumatatu. Utamjua kwa mkono wa shati ulioshonwa kwa uzi wa buluu, na kwa masikio: lazima atanyoosha masikio. Anasogeza vidole vitatu badala ya kimoja. Ukimpata vizuri anasogeza mara mbili.*

Niliutazama mkono wa shati langu. Uzi wa buluu. Niliushona mwenyewe mwezi wa kwanza, ulipokwama kwenye bawaba.

"Kama ni pongezi, si mbaya," Bi Nagumo alisema, lakini alikuwa hacheki tena. Alikuwa ananitazama ninavyosoma.

Chini yake zilifuata mbinu. Waliandika kwa utulivu, kama watu wanaoelekezana jinsi ya kupika wali. Badilisha jina kabla ya kuita, maana haoni kitu kingine. Usiandike uongo mkubwa. Saratani ni nyingi mno, atashtuka. Ugonjwa usiotajwa unafaa zaidi. Mzee anauma kuliko mtoto, ila mtoto mwenye tarehe anauma kuliko wote. Usicheze kwa ustadi mwanzoni, mlenge mdoli kichwani. Na bonyeza Asante kabla hajafanya lolote. Hapo hachomoki.

Halafu picha. Mtu mmoja alikuwa amepanga midoli ukutani kama matofali, kila mmoja kwenye mfuko wake wa plastiki, tayari kuuzwa kwa bei ya mara tatu kwenye programu ya vitu vya mitumba. Safu ya juu, wa tatu kutoka kushoto, alikuwa paka wa manjano. *Salamu kutoka kwa Bibi wa Aomori,* aliandika. *Miaka 31, Kawasaki. Magoti yangu ni mazima, asanteni.* Watu mia mbili na kitu walikuwa wamecheka.

Masikio yangu yaliwaka moto. Nilisoma kuanzia juu mpaka chini nikiyatafuta majina, na majina yalikuwamo. Nimefukuzwa Kazi Leo. Mume Haongei Nami. Mtihani Nimefeli. Nilikuwa nimewabeba wote hao mpaka nyumbani, kwenye basi, mvua ikinyesha, nikiwaombea.

"Mwanangu," alisema Bi Nagumo, "mimi pale dirishani kila mtu alikuwa na mama mgonjwa. Kila mtu. Kuna mmoja alimzika mama yake mara nne mbele yangu. Nikampa pole mara nne. Imenipunguzia nini?"

"Walikuwa wananicheka."

"Wanamcheka kila mtu. Mimi magoti yangu wameyaita bawaba."

"Wewe hukuwapa kitu."

"Niliwapa pole, wewe. Pole si kitu?"

Nilikuwa natafuta jina moja. Jina la Nao halikuwamo. Lakini ukurasa ulikuwa wa Jumapili, na Nao alikuja Jumatatu. Mtoto mwenye tarehe. Alilenga kichwani. Alibonyeza Asante.

Hata chenza sikulimenya. Spika iliita jina langu: Toyoshima afike ofisini.

* * *

Bwana Kuramochi alikuwa ameweka rula mezani, sambamba kabisa na ukingo wa karatasi.

"Toyoshima. Mashine 118 imefungwa tangu jana. Nini kimeharibika?"

Nilitaka kusema taa. Sauti haikutoka.

"Hakuna kilichoharibika," alijibu mwenyewe. "Umemtunzia mtu."

Niliinama. "Samahani sana, mkuu. Sitarudia. Na kule kusogeza pia, vidole vitatu, sitarudia, nimeona walichoandika, nitaandika barua ya kujieleza, nita..."

"Kusogeza? Kusogeza kuna nini?"

Niliinua kichwa.

"Ukurasa ule nausoma kila asubuhi na kahawa yangu," alisema. "Tangu Februari mashine zako ndizo zinazochezwa kuliko zote ghalani. Watu wanasubiri zamu yako. Wanacheza mara ishirini ili wakuite, halafu ishirini nyingine. Mtu mmoja anashinda, kumi wanajaribu bahati hiyohiyo. Makao makuu wamenipongeza."

"Ulijua?"

"Kazi yangu ni kujua."

"Kwa nini hukuniambia, mkuu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hufunga viatu. "Ungejua, ungeacha."

Akaisogeza rula kidogo. "Endelea hivyohivyo. Vitatu, vinne, mimi sioni. Ila kadi usitundike tena. Mashine iliyofungwa haichezwi. Na shati usibadilishe, wameshalizoea."

Nilitoka. Nilisimama ukutani, karibu na ndoo za miavuli. Nimejiuliza mara nyingi mambo yangekuwaje kama angenikaripia. Nadhani ningekwenda 118 moja kwa moja nikamsukuma Chapon shimoni kwa mkono wangu, potelea mbali. Lakini hakunikaripia. Aliniambia niendelee kuwa mwema.

Nikarudi ofisini. "Mkuu, naomba kuazima rula."

* * *

Kwenye 118 nilitoa kadi. Chapon alikuwa bado amening'inia, miguu hewani. Nilimbeba, nikamrudisha mwanzo kabisa, katikati ya jukwaa. Sentimita kumi na mbili kutoka ukingoni, kama inavyosema karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango. Nilipima mara mbili. Sikunyoosha masikio.

Saa nane na dakika tano jina likawaka. Nao, Upasuaji Ijumaa.

Nadhani alikuwa anatazama. Alimwacha ukingoni, sasa yuko mwanzo. Kisha mkono wa chuma ukasogea, ukashuka juu ya kichwa, katikati kabisa, ukapapasa mashavu, ukateleza.

Sikwenda mbali. Nilihudumia mashine za jirani huku jicho moja likiwa pale. Alikuwa anacheza vibaya vilevile. Nikajiambia, mtu akitaka kucheza vibaya atacheza vibaya, kuna ugumu gani? Mara moja mkono ulitetemeka ukaenda kushoto bure, ukashika hewa. Nikajiambia, hilo nalo linaweza kufanywa makusudi. Saa nane na nusu ukasimama dakika tatu nzima. Mtu anapimwa damu. Au mtu anajibu ujumbe wa rafiki zake, wanacheka.

Mara ya ishirini ilipopita, kishikwambi kilitetemeka. Asante.

Asante kwanza. Kisha Nisaidie.

Nilikwenda. Niliinama kwa kamera. Nikafungua kioo, nikaweka rula, nikamsogeza Chapon upana wa kidole kimoja, kidole cha Bwana Kuramochi. Nikafunga, nikainama.

Asante, kikawaka tena.

Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia lile dakika ile.

Alicheza ishirini nyingine. Kidole kimoja. Saa tisa na dakika arobaini Chapon alikuwa bado kwenye jukwaa, masikio yamekunjika, mbali na ukingo. Nilihisi mtu nyuma yangu. Bi Nagumo alikuwa amesimama nje ya macho ya kamera, mikono kiunoni.

"Lori linarudi nyuma mlangoni," alisema kwa sauti ya chini. "Nimelisikia."

"Najua."

"Huyo ndiye uliyemsimulia mama yako? Yule uliyenisimulia asubuhi?"

"Ndiye yuleyule wa ukurasani, Bi Nagumo. Tarehe, kichwani, asante. Vyote vitatu."

"Huenda."

"Si huenda."

"Haya, ni mwongo. Ana miaka arobaini, ana kitambi, anakaa Kawasaki. Mpe fisi wake aende zake. Tuna maboksi mangapi ya fisi kule nyuma? Unamtunzia nani?"

Nikakitazama kishikwambi.

"Nipishe basi. Namsogeza mimi. Mikono yangu mikavu hawataijua, watasema Bibi Mlango kapata wazimu. Nipishe, mwanangu."

Alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye kufuli la kioo. Nikasimama mbele yake.

"118 ni ya kwangu," nilisema.

Sauti ilitoka. Ilitoka kubwa, imara, ikapita juu ya kelele za mashine zote, hata kijana wa mstari wa jirani akageuka. Kumbe nilikuwa nayo.

Bi Nagumo aliushusha mkono. Alinitazama, nadhani, kama alivyowatazama wale watu wa dirishani, bila chuki yoyote, akaondoka zake akiburuta goti.

Nisaidie, kishikwambi kikasema. Kisha tena, Nisaidie. Alikuwa hajafikisha ishirini. Alikuwa amekosa mara sita tu tangu msaada wa mwisho. Sheria hairuhusu. Niliinama mbele ya kamera, nikapishanisha mikono kifuani kuonyesha haiwezekani, nikainama tena.

Mkono wa chuma haukusogea. Sekunde sitini, hamsini, arobaini. Nilijua ananiona. Nilijua anauona uzi wa buluu, shingo yangu, na mikono iliyoshika rula. Ilipofika sekunde kumi na tano, jina lilibadilika. Neno Nao likafutika, na Ijumaa ikafutika, pakabaki lile ambalo programu humpa kila mtu asiyejiandikia kitu: Mgeni 40771. Hivyo ndivyo alivyoondoka.

Saa kumi na dakika mbili lori lilitoka.

* * *

Mwongo aliyeshindwa hufuta jina lake, ili kesho aje na jingine. Nilijiambia hivyo usiku ule nikapata usingizi. Alhamisi nikajiambia hivyohivyo. Ijumaa, yapata saa tatu asubuhi, nilikuwa nafuta vumbi kwenye vioo nikajikuta nimesimama, kitambaa mkononi, nikijiuliza mtu mgonjwa anayekataliwa hufanya nini. Naye hufuta jina lake. Kwa nini aliache?

Niliufungua ukurasa wa wachezaji kila siku kwa mwezi mzima. Nilitaka nimkute. Nilitaka mtu aandike: safari hii mungu wa alasiri amekataa, nilimwambia nina upasuaji, hahaha. Ningelia kwa furaha. Hawakuandika. Walichoandika ni kwamba mungu wa alasiri amekufa, sasa anapima kwa rula kama mzee wake, msipoteze muda wenu. Mmoja aliuliza nani kamuudhi. Hakuna aliyemjibu.

Nilimwomba Bwana Kuramochi majina yaondolewe kwenye vishikwambi, tuone namba tu. Akakataa. Majina ndiyo yanayowafanya wajione wako na mtu, alisema. Nikakata kipande cha utepe wa gundi, nikakibandika juu ya kishikwambi mahali jina linapotokea. Wiki iliyofuata kijana wa mstari wa jirani akabandika chake, kisha wengine. Kazi inakwenda haraka zaidi. Mwezi wa saba nilipandishwa kuwa kiongozi wa mstari.

Mama aliuliza mara moja tu. "Nao alimpata yule mnyama?"

"Alimpata," nilisema.

Mvua ziliisha tarehe kumi na tisa ya mwezi huo wa saba, na msimu wa Chapon ukaisha nazo. Mkataba na wenye haki ya mchoro wake hauturuhusu kubaki naye, wala kumuuza, wala kumgawa, wala mfanyakazi kumchukua. Mabaki yote hukatwa vipande viwili kabla ya kutupwa, kisha hupigwa picha, ili wenye mchoro wajue hakuna aliyerudi sokoni. Yalibaki maboksi manne ya kumi na sita. Kiongozi wa mstari ndiye hukata, na mtu wa pili husaini.

Wa pili alikuwa Bi Nagumo. Tulikaa sakafuni nyuma ya ghala, joto limeanza, turubai la buluu katikati yetu. Alikuwa amekuja na kitambaa cheupe na chumvi kidogo kwenye karatasi.

"Kwetu hatumtupi mdoli mwenye macho wazi," alisema. "Unamfunika kwanza. Halafu chumvi."

"Wako sitini na nne, Bi Nagumo. Tuna saa moja."

"Nitawafunika haraka."

"Kwenye picha uso lazima uonekane. Imeandikwa."

Alikikunja kitambaa, akakirudisha mfukoni. Chumvi alibaki nayo mkononi, hakujua aiweke wapi.

Nikamchukua wa kwanza kwenye boksi. Alikuwa mlaini kuliko nilivyokumbuka. Mkasi ulipita vizuri kwenye koti, ukakwama kidogo kwenye pamba, ukapita. Nikamlaza kwenye turubai, nusu na nusu, nikachukua wa pili.

"Sema idadi kwa sauti," nilimwambia Bi Nagumo, "tusije tukapoteza hesabu."

"Wawili," alisema. "Watatu."